Duara Nililolipaka Wino

Fomu yangu ilikuwa na kurasa kumi na nne, na hakuna hata moja iliyouliza ni nani mwingine ameketi chumbani. Niliitunga mwenyewe. Nilikaa nayo miezi, nikipunguza hapa, nikiongeza pale, nikijaribia maswali kwa watoto wa majirani hapa Kitale mpaka wakawa wananikimbia wakiniona na daftari. Nilijivunia ile fomu, Mungu anisamehe. Leo ningeitia jikoni iwashie moto.

Kazi yangu ni jeni. Watu wakisikia hivyo hudhani nashinda nimeinamia hadubini, koti jeupe hadi magotini. Wacha niwaambie: nusu ya kazi ni kuketi kwenye sofa za watu, zile zilizofunikwa vitambaa vya kufuma, nikiwaomba wateme mate kwenye kichupa. Natafuta kinachowafanya watoto fulani washindwe kusema. Si viziwi, wala si wajinga. Wanasikia kila kitu, wanaelewa kila kitu, hata utani wanaupata kabla ya wenzao. Lakini neno likitoka ubongoni kwenda mdomoni linapotea njiani. Ulimi unakwenda huku, midomo inakwenda kule. Mara nyingine chanzo ni kosa dogo katika jeni moja, herufi moja tu katika kitabu kizima, na kosa hilo huwa lipo tangu ubongo ukijijenga tumboni. Mzazi mmoja akiwa nalo, mtoto anaweza kulirithi. Ndiyo maana tunachora ukoo: mwanamume mraba, mwanamke duara, na mwenye dalili tunampaka wino mweusi. Asiye nazo anabaki mweupe.

Niliingia kazi hii kwa hasira. Nilichoka kusikia kwamba mtoto asiyesema amelogwa, au mama yake alimcheka bubu akiwa mjamzito. Kwetu mtoto akiwa na kasoro, lawama inajua njia ya kwenda kwa mama bila kuelekezwa. Mimi nilitaka kuwaondolea akina mama mzigo huo. Hivyo ndivyo nilivyosema kwenye mikutano, na nilikuwa nasema kweli.

Huyu mtoto wa Malakisi nilimpata kupitia nesi wa Bungoma mjini, mahali ninapofanya kliniki mara moja kwa mwezi. Nesi aliandika kwamba ni msichana wa miaka sita, masikio mazima, akili nzuri, ila mtu pekee anayemwelewa ni mama yake. Mwezi wa kwanza, barabara zikiwa vumbi tupu, nikaendesha gari kupitia Kamukuywa na Chwele nikawafuata nyumbani.

Mama mtoto alinipokea nje ya jiko. Alikuwa bado hajafika miaka thelathini, mwembamba, mikono yake haitulii. Mtoto alijificha nyuma yake kidogo, kisha akaona mimi si wa kuogopwa, akatoka na kunipa hadithi ndefu. Nilisikia irabu tu, zinapanda na kushuka. Mama akawa ananipa maana kila mtoto akipumua. Kuku mwekundu, kumbe, alikuwa ametaga ndani ya kiatu cha babu, na babu akavaa kiatu bila kuangalia, na nyumba nzima ikajifanya haijaona. Aliposimulia hapo alishusha sauti akachungulia nyumba kubwa. Tulicheka sote watatu, mtoto akicheka zaidi kwa sababu hadithi yake ilikuwa imefika.

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Nilikuwa nimemsikia kwa masikio yangu mwanamke akitafsiri kisa kizima, haraka, bila kuchagua maneno. Lakini kisa cha kuku hakikuwa kwenye fomu.

Ndani, baba mkwe wake alikuwa ameketi karibu na dirisha. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa kupima tumbaku, mzee mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo. Alinisalimu kwa maneno mawili akanionyesha pa kukaa. Nilipomuuliza habari za ukoo alinijibu ndiyo, hapana, wanne, sita, alikufa. Pembeni mwa karatasi nikaandika: mzee mwenye heshima zake, hana maneno mengi. Alitema mate kwenye kichupa bila kuuliza swali, akakifunga, akakifuta kwa leso kabla ya kunirudishia.

Kisha nikamwita mke wa mwanawe. Mume hakuwepo, alikuwa upande wa Lwakhakha kwa shughuli zake za kununua tumbaku. Mzee hakutoka, na kwa nini atoke? Mimi nilikuwa mgeni wake, na mgeni wa maana haachiwi wanawake kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mama aliingia kwa mlango wa nyuma, akaketi kwenye mkeka mbali kabisa, uso ameuelekeza ukutani.

Niliwasha rekoda. Nikamwambia atoe ulimi. Akatazama mkeka. Nikamwambia ajaze mashavu hewa kisha apulize. Hakupuliza. Nikamsomea maneno ya kubuni, yale yasiyo na maana tunayotumia kuona kama mdomo unaweza kupanga sauti ngeni, arudie. Alirudia mawili, kwa sauti ndogo hata rekoda haikuyapata. Nikampa picha anisimulie anachoona, akaishika kichwa chini. Pua yake ilitoka jasho. Niliona lile jasho, na nilidhani ni jitihada ya kutamka.

Kila mahali niliandika sifuri. Na niseme ukweli ingawa unanichoma: kila sifuri ilinipa furaha kidogo. Mama na binti, mstari mmoja, vizazi viwili. Mtafiti anaweza kuzunguka miaka bila kupata ukoo kama huo, na mimi niliupata kabla ya chai kupoa.

Nilikuwa na desturi, nyingine ya kujivunia, ya kuwaachia watu nakala ya mchoro wa ukoo wao. Watu huipenda. Wengine huitundika ukutani karibu na kalenda. Siku ile nilichora palepale mezani, mama akiwa amesharudi jikoni: mraba wa mzee, mraba wa mwanawe, duara la mama, duara dogo la mtoto. Nikalipaka wino la mtoto, nikalipaka wino la mama. Mzee akauliza weusi ni nini. Nikamweleza vizuri, polepole, kama ninavyoeleza darasani.

Aliivuta karatasi karibu na macho. Halafu akauliza, "Imetoka kwake?"

"Inaonekana hivyo, mzee," nikasema, "lakini tungojee maabara."

Ile lakini yangu haikumfikia mtu. Nilijua haitamfikia. Nimeishi na watu hawa maisha yangu yote, najua wanachobakisha kutoka kwa maneno ya daktari. Nilifunga mkoba nikaondoka, na mama alinisindikiza hadi kwenye gari akanishukuru kwa kuja.

Mume alifika kliniki ya Bungoma mwezi wa tatu. Alitema mate, akatia sahihi, akasema kwamba nyumbani hawajambo. Nilimuuliza juu ya mtoto akasema yupo. Sikumuuliza juu ya mama. Vichupa vyote, pamoja na vya mama na mtoto walivyovijaza siku ile nje ya jiko, vikaenda Nairobi, mimi nikarudi kwenye shughuli zangu, mahindi ya Kitale yakapandwa, yakapaliliwa, yakakomaa.

Majibu yalikuja mwezi wa kumi, asubuhi ya mvua, nikiwa ofisini peke yangu. Mtoto alikuwa nalo lile kosa. Baba yake alikuwa nalo. Babu yake, yule mzee wa dirishani, alikuwa nalo. Mama hakuwa nalo, wala hakuwa na lolote jingine. Kwanza nilifurahi. Vizazi vitatu! Nilisimama nikazunguka meza. Ndipo nikavuta faili kuweka alama, nikakutana na duara langu jeusi.

Nikafungua fomu yake. Toa ulimi, sifuri. Puliza mashavu, sifuri. Nikauona ule mkeka, nikamwona mzee kwenye kiti chake. Mimi ni Mbukusu. Nina baba mkwe, yuko Webuye, na miaka ishirini sijawahi kutafuna hata mbegu ya hindi mbele yake. Akiingia kwa mlango huu natoka kwa ule. Siku moja alinikuta njiani nikijifunga kitambaa cha kichwa, nikaingia kwenye shamba la watu nikachuchumaa humo mpaka akapita, mimi na shahada zangu zote. Na ni mimi huyohuyo niliyemwambia mwanamke mwenzangu amtolee baba mkwe ulimi na kujaza mashavu kama chura, halafu aliposhika adabu yake nikaandika kwamba ubongo wake una kasoro.

Na mzee? Ndiyo, hapana, wanne, sita. Ukimya wake niliuita heshima. Wa mama nikauita ugonjwa. Ningekuwa mtu wa kutukana ningejitukana vizuri siku ile.

Nilimpigia mama simu. Alipokea upesi. Nilimwambia nataka kuja Malakisi wiki ile, akasema hayuko Malakisi, yuko Moi's Bridge kwa wazazi wake tangu mwezi wa nne. Nikauliza na mtoto. Akasema mtoto alibaki Malakisi, kwa babu yake.

Kesho yake nilikuwa Moi's Bridge. Nilimkuta uani akianika mahindi kwenye turubai, akiyasambaza kwa miguu, anakwenda na kurudi. Alininawisha mikono, akaniletea kiti, akataka kunipikia. Hakuwa na hasira na mimi hata kidogo, na hilo lilinishinda kuliko matusi. Kisa chenyewe alinieleza kwa maneno machache. Hakuna aliyemfukuza. Mzee hakusema lolote. Mume ndiye aliyekuja na ile karatasi, akamwekea kidole kwenye duara, akamwambia hata daktari ameandika. Kwa miaka sita alikuwa amebishana nao kwamba yeye hana kosa, na siku ile akaishiwa. Wakamwambia aende kwao apumzike kwanza. Mtoto ni wa ukoo, mtoto habebwi. Alipita Malakisi mara mbili akaambiwa mtoto yuko shuleni.

Nilimwambia majibu. Nilimwambia kwamba yeye ni mzima, kwamba nilikosea, kwamba naomba anisamehe. Nilisema yote haraka. Alisikiliza huku akiokota kokoto kwenye mahindi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Uliponisindikiza hadi kwenye gari tulikuwa sisi wawili tu. Si ungeniambia hungeweza kuongea mbele ya mzee?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Daktari, si wewe ni wa kwetu? Nilijua unajua."

Akarusha kokoto kwenye majani, akaendelea. Alisema hajali nani ana damu mbaya. Anachowaza kila siku ni kitu kimoja. "Ule mtoto tumbo humuuma sana. Ikimuuma saa hii, atamwambia nani?"

Ninajua kidogo kuhusu ubongo wa mtoto, na ninachojua kilinifanya nisitake kumtazama. Unajijenga kwa kutumika. Njia ya maneno isiyopitwa inaota majani, na mtoto wa miaka sita hana miaka mingi ya kuchezea. Yule msichana alihitaji mtu mmoja wa kusema naye kila siku, mtu wa kumfikishia hadithi, ili asichoke kujaribu. Alikuwa naye. Miezi sita sasa hakuwa naye, kwa mkono wangu. Sikumwambia hayo. Nilikunywa chai yake nikamwambia nitakwenda kwa mzee, akaniambia niwaonyeshe majibu yake wote watakaotaka kuyaona. Mumewe naye nilimpigia simu. Alisema majibu yake pia nimwonyeshe baba yake, yeye hataweza.

Mzee alikuwa kwenye kiti kilekile. Safari hii sikuleta rekoda. Nilimpa karatasi mpya: miraba miwili myeusi, duara dogo jeusi, na duara la mama jeupe. Nilimwambia kosa la kwanza lilikuwa langu mimi, si la maabara, na nikamweleza jinsi lilivyotokea, ingawa kumtajia mzee habari ya ulimi wa mke wa mwanawe nako kulinitoa jasho.

Alisoma mchoro kama alivyokuwa akisoma mizani ya tumbaku, akausoma tena. Akaweka kidole kwenye mraba wake.

"Mimi nilisema nikiwa na miaka tisa," alisema mwishowe. Alisimama kati ya maneno, na safari hii nilisikia alivyokuwa akiyasukuma moja baada ya jingine. "Mama yangu ndiye alikuwa ananisemea."

Nikamuuliza kama mke wa mwanawe anaweza kurudi. Alisema hakumwambia aende. Kisha akaongeza kwamba hakumwambia abaki pia. Halafu akainuka, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Mlete," akasema, akatoka nje.

Nilimchukua mama Moi's Bridge mwezi wa kumi na moja. Alikuwa ameshona gauni dogo la maua, kwa kukisia, akashinda njia nzima akiogopa kwamba litabana. Tulipita Chwele akiwa ananieleza namna mtoto anavyosema kila kitu: maji anayaitaje, njaa anaiitaje, babu anamwitaje. Alikuwa ananifundisha. Kadiri tulivyokaribia alizidi kuongea, kisha tulipokata kona ya kwao akalikunjua gauni mapajani, akalikunja tena.

Mzee alikuwa ameondoka kwenda sokoni tangu asubuhi. Najua aliondoka kwa makusudi, na nilimshukuru moyoni. Mtoto alikuwa uani na binamu zake wawili, wanamenya maharagwe. Alikuwa amerefuka, nywele zimenyolewa. Binamu mmoja akamgusa bega akamwonyesha sisi kwa kidevu.

Hakukimbia. Alikuja anatembea, akasimama hatua mbili mbele ya mama yake. Mama akapiga magoti mchangani, akamwita, akamwambia sema, mama, sema na mimi. Alisema hayo kwa namna yao ya zamani, kwa irabu zile za mtoto mwenyewe, nikamsikia. Mtoto alimtazama mdomo. Wake aliufunga.

Kisha akainua mikono. Alijigusa kifua kwa vidole viwili, akaonyesha barabara, akafumba ngumi na kuifungua mara mbili. Nyuma yake binamu mmoja aliinua kichwa akatikisa kukubali, akarudi kwenye maharagwe. Huko nyuma walikuwa wameshajitengenezea mambo yao ya mikono, watoto kwa watoto, na mdomo haukuwa unahitajika tena.

Mama akamuuliza, maji? Mtoto akatikisa kichwa kukataa. Njaa? Tumbo? Unataka twende? Mtoto akatikisa kichwa, akarudia ile mikono, safari hii polepole, kama unavyomrudilia mgeni asiyejua lugha ya nyumbani.

Mama aligeuka akanitazama, gauni bado liko mkononi.

"Daktari," akasema, "anasema nini?"

Nilimwambia sijui. Mtoto alirudia mara ya tatu, akatungoja kidogo, kisha akatuacha hapo, akaenda kumenya maharagwe.